Reli Ambayo Haikufika Tarime



Katika mazungumzo ya kutayarisha mkutano wetu wa safari hii lilitolewa pendekezo kwamba tuchange fedha tuupambe mtaa mmoja wa katikati ya mji wa Tarime, uwe shukrani yetu kwa mji uliotutunza tulipokuwa wanafunzi. Jambo hilo ni jema na sina la kulipinga. Lakini mwenzetu mmoja aliongeza kwamba kwenye kiplefti cha mtaa huo tusimamishe kichwa cha gari moshi cha saruji, kikubwa, kilichopakwa rangi nyekundu, kwa sababu habari za reli ya kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma zimesemwa kwa miaka mingi na huenda siku moja ikaja. Wapo waliopiga makofi. Mwingine akacheka, akauliza Tarime na gari moshi wapi na wapi.

Mimi nimefundisha historia kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu wote wawili hawakusema sawa. Aliyecheka hajui kwamba reli imeibadili nchi yetu ya Tarime na Serengeti tangu enzi za babu zetu. Aliyetaka sanamu naye anataka tuwaonyeshe watoto kitu ambacho hakikuwapo hata siku moja. Fedha zetu si nyingi. Kabla hatujazitia katika saruji, afadhali tujue reli hiyo ilitugusa wapi na kwa njia gani.

Waingereza walianza kutandika reli yao Mombasa mwaka 1896. Nia yao ilikuwa kufika Uganda. Waliajiri vibarua karibu 32,000 kutoka Bara Hindi, na zaidi ya 2,400 kati yao walikufa kwa maradhi, ajali na simba kabla kazi haijakwisha. Mwezi Desemba mwaka 1901 reli ilifika kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, mahali walipopaita Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Ulikuwa mwendo wa zaidi ya kilomita 900, juu ya reli mbili zilizoachana kwa mita moja tu.

Sasa tazama jambo hili, maana hapa ndipo habari yetu inapoanza. Reli iliishia majini. Uganda ilikuwa ng'ambo. Kwa hiyo shirika la reli lilikuwa halina budi kuwa na meli. Meli ya kwanza, William Mackinnon, ililetwa kutoka Uingereza vipande vipande, ikaungwa Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900, hata kabla reli yenyewe haijafika. Baada yake zikaja Winifred na Sybil, na mwaka 1907 ikaja Clement Hill. Meli hizi zilikuwa mali ya reli. Nahodha alilipwa mshahara na reli, makuli wa gatini walikuwa makuli wa reli, na karani aliyekukatia tiketi alikuwa karani wa reli. Kwa hesabu hiyo kila mahali meli zilipotia nanga palikuwa stesheni, ijapokuwa hapakuwa na kipande cha chuma ardhini.

Na zilitia nanga kwetu. Shirati, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tarime hadi wilaya ya Rorya ilipoundwa mwaka 2007, ilikuwa kituo cha Wajerumani na bandari ya meli hizo. Musoma vilevile. Bendera iliyopepea ilikuwa ya Kijerumani, lakini ngozi, karanga na nta vilivyotoka pande hizi za Ziwa vilipelekwa Kisumu, vikapakiwa katika mabehewa ya Waingereza na kutokea Mombasa. Biashara ya Mwanza ilinenepa ghafla baada ya mwaka 1901, na aliyenenepa nayo zaidi alikuwa jirani. Wajerumani walikasirika, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizowafanya waharakishe reli yao wenyewe ya kati, iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Kwa watu wa nyanda za juu za Tarime, bandari ilikuwa mlango mmoja tu. Mlango wa pili ulikuwa barabara ya kaskazini. Yeyote anayeijua ramani yetu anajua kwamba kwenda Musoma kutoka Tarime lazima uvuke Mto Mara. Daraja la Kirumi tunalopita leo kwa dakika moja, huku tumelala ndani ya basi, ni la miaka ya 1980. Kabla ya hapo mto ulikuwa mto kweli. Kwenda Kisii na Kisumu hakukuwa na mto wa namna hiyo, na mpaka uliochorwa Ulaya haukuwa na maana kubwa kwa Mkurya ambaye ndugu zake walikuwa pande zote mbili. Wakoloni walipotaka kodi kwa fedha taslimu, kwanza Wajerumani kisha Waingereza, vijana wa huku walikunja mablanketi yao na kushika njia ya kaskazini kwa miguu. Wengine waliingia jeshini, katika King's African Rifles, ambako Wakurya walikuwa wengi kupita kiasi ukilinganisha na idadi yao. Wengine walikwenda kwenye mashamba ya chai ya Kericho, ambayo chai yake iliteremshwa kwenye stesheni ya Lumbwa, sasa Kipkelion. Wengine walikwenda Kisumu yenyewe, kubeba magunia.

Fikiri juu ya mtu huyo. Alitembea siku kadhaa, akalala njiani kwa watu asiowajua, na kitu cha kwanza alichokiona cha ulimwengu mpya kilikuwa gari moshi linalotoa mvuke. Alirudi na nini? Blanketi, sufuria, jembe, mahari, na maneno. Lugha ya Kiswahili ilienea katika vijiji vyetu kwa njia nyingi, lakini kambi za vibarua na gati za Kisumu zilikuwa shule kubwa kuliko tunavyozikumbuka. Ninapowauliza wanafunzi Kiswahili kilifikaje Tarime hunijibu kwamba kililetwa na shule, na kila mara huwaambia wakamwulize babu.

Vita Kuu ya kwanza iliacha kisa kimoja ambacho vijana hukipenda. Mwaka 1914 meli Sybil iligonga mwamba, ikakwama huko Majita, ambako wakati huo ilikuwa nchi ya Wajerumani. Waingereza hawakukubali kuiacha. Mwaka uliofuata walirudi, wakainasua na kuikokota hadi Kisumu kutengenezwa, ikafanya kazi tena. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba chombo cha reli hakijapata kukanyaga nchi kavu ya Mara, mwambieni kimepata, ila hakikukusudia.

Baada ya vita Tanganyika iliingia mikononi mwa Waingereza na meli ziliendelea kuzunguka Ziwa kama kawaida: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell, Jinja, kisha tena. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Mwaka 1929 ile ya Tanga ilifika Arusha, ikasimama. Tangu hapo ukitazama ramani utaona Mara imekaa katikati ya ncha tatu za reli, Kisumu kaskazini, Mwanza kusini na Arusha mashariki, kama mtu aliyealikwa karamu tatu na asifikiwe na sahani hata moja. Wazo la kuutoa mkono wa Arusha hadi Ziwa si la jana. Lilizungumzwa tangu enzi za wakoloni, likazungumzwa baada ya Uhuru, na limezungumzwa katika karne hii pia.

Lakini ile ya Mwanza ilitufaa, hasa sisi wa shule. Kijana wa Mara aliyechaguliwa kwenda Tabora School katika miaka ya 1930 alikuwa na njia moja iliyo nyepesi, kupanda meli Musoma hadi Mwanza, kisha gari moshi. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alitoka shule ya Mwisenge, Musoma, akaingia Tabora mwaka 1937. Sisemi kwamba tiketi yake nimeiona. Nasema tu kwamba kama reli isingalifika Mwanza miaka tisa kabla, safari ya vijana wa rika lake ingalikuwa ya namna nyingine. Na waliokwenda Makerere baadaye walipanda meli zilezile kuelekea upande wa pili.

Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika ziliunganishwa kuwa shirika moja, Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Hizo ndizo nyakati ambazo wazee wetu wengi waliajiriwa. Mwaka 1961 ilianza kazi meli Victoria, nayo ilitengenezwa Uingereza, ikafunguliwa, ikaletwa kwa reli na kuungwa upya Kisumu. Katikati ya miaka ya 1960 zilikuja Umoja na Uhuru, ambazo zilikuwa ajabu ya wakati wake, maana tumboni mwake zilikuwa na reli, na mabehewa 22 yaliweza kuingizwa humo mzima mzima bila kupakua hata gunia moja. Bandari kubwa za Ziwa zilijengewa gati maalumu za kuzipokea, na Musoma ilikuwa mojawapo. Maana yake ni kwamba, ndugu zangu, mkoa wetu umepata kuwa na reli. Ilikuwa kipande kifupi cha gatini, cha kutoka kwenye meli hadi nchi kavu, lakini behewa lililofungwa mlango Mombasa liliweza kufunguliwa Musoma. Ni vijana wangapi wa shule yetu wanaolijua hilo?

Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mwezi Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Vitabu husema habari hiyo kwa aya moja. Kwa Tarime ilikuwa kama kufungiwa mlango wa mbele wa nyumba yako mwenyewe. Sirari ilinyamaza mchana, na usiku ilikuwa na mambo yake ambayo gazeti la shule halina haja ya kuyaeleza. Meli ziligawanyika, Victoria na Umoja zikabaki Tanzania na Uhuru ikabaki Kenya. Mali za Jumuiya ziligawanywa rasmi kwa mkataba wa mwaka 1984, chini ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht. Mpaka ulikuwa umekwisha funguliwa tena mwezi Novemba mwaka 1983.

Watu hawakugawanyika kwa urahisi kama meli. Mtu aliyefanya kazi miaka ishirini Kisumu, ambaye mke wake alitoka huko na watoto wake walisoma huko, aliambiwa arudi kwao. Madai ya mafao ya wafanyakazi wa iliyokuwa Jumuiya yalifika mahakamani na yalikuwa bado yanasikilizwa katika miaka ya 2000. Wengi walikufa wakiyangoja. Kama kuna jambo linalostahili kuwekewa alama mtaani basi ni hili, kuliko gurudumu lolote la saruji.

Na sisi wenyewe je? Wahitimu wa miaka ya 1970 na 1980 mnakumbuka waranti. Serikali ilipokuwa inawachanganya wanafunzi wa nchi nzima, kijana wa Kigoma alipangiwa Mara na kijana wa Mara alipangiwa Tabora au Morogoro, na kila mmoja alipewa karatasi ya waranti aende nayo dirishani stesheni. Shuleni tulikuwa tunaijua ratiba ya gari moshi ya Mwanza kuliko tulivyoijua ratiba ya somo la kemia. Mabehewa yakichelewa, wenzetu wa Kigoma, Tabora na Dodoma walifika siku tatu baada ya kufungua shule, macho mekundu, nguo zina vumbi la njia nzima, na samaki wa kukaushwa au asali ya Tabora katika sanduku la bati. Tulisamehe kuchelewa kwao kwa ajili ya asali. Daraja la tatu lilitufundisha nchi hii ni kubwa kiasi gani. Mpaka leo mhitimu akinitajia Isaka, Malampaka au Bukwimba, mara moja najua alikuwa mteja wa waranti.

Huo ndio urithi wetu wa reli. Una njia ya miguu ya kaskazini, una bandari, una meli, una karatasi ya waranti, una wazee waliorudishwa. Hauna kichwa cha gari moshi. Tukikiweka tutakuwa tumeyafunika yote haya kwa kitu kimoja cha uongo, na mtoto atakayekiona atafikiri gari moshi lilikuwa likipita Bomani.

Miji mingine imekwisha pata mtihani wa namna hii, na inafaa tuitazame. Unguja ilikuwa na reli, jambo ambalo wengi hawalijui. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani mwanzoni mwa karne ya ishirini, ikatoka Ngome Kongwe, ikapenya katika vichochoro vya mji hadi Bububu, umbali wa kilomita zipatazo 11. Kabla miaka ya 1920 haijakwisha abiria walikuwa wamekwisha hamia kwenye magari na reli ikaondolewa. Wapo wasemao jina Bububu ni mlio wa gari moshi, na wapo wasemao ni mlio wa chemchemi. Mimi si mtu wa huko, siingilii ugomvi huo. Nasema tu kwamba watu bado wanabishana juu ya jina, na ubishi huo umeihifadhi reli ile vizuri kuliko sanamu.

Kusini, Waingereza walijenga reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mpango wao wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuanguka kwa aibu miaka minne tu baadaye. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Nairobi walifungua jumba la makumbusho ya reli mwaka 1971, na humo injini zimo kwa haki kabisa, maana Nairobi yenyewe ilizaliwa na reli, kambi iliyofikiwa mwaka 1899 katika mbuga iliyokuwa haina mji. Kigoma nao wana stesheni yao ya Wajerumani, ambayo ukitoka mlangoni mwake unatazama barabara kuu inayoupanda mji, na barabara, miti na jengo vinatazamana kana kwamba vimekubaliana. Kigoma hawana haja ya kuongeza kitu. Wanachotakiwa ni kutobomoa tu.

Hata katika reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, wajenzi walifikiria mahali. Stesheni ya Dar es Salaam imefanywa ifanane na jiwe la tanzanaiti. Ningependa kuuliza tanzanaiti ya Mirerani ina uhusiano gani na Dar es Salaam, lakini angalau walijiuliza jengo lao liseme nini, na sisi tujiulize mtaa wetu useme nini.

Maoni yangu ni haya. Tuchague mtaa mmoja mfupi, wenye watu, kati ya stendi na sokoni, tuutengeneze kwa ajili ya waendao kwa miguu, kwa kuwa reli yetu ilianza kwa miguu. Katika njia ya waendao kwa miguu tuzike vipande viwili vyembamba vya chuma, vilingane na sakafu asije mtu akajikwaa wala pikipiki ikateleza, vikiachana kwa mita moja kamili. Mtoto akisimama na mguu mmoja huku na mwingine kule atajua upana wa reli ya Kisumu bila kusomewa kitabu. Vyuma hivyo vielekee kaskazini, na mwisho wake vikatike ghafla kwenye sakafu ya mawe ya buluu. Reli iliishia majini, na ndivyo mtaa utakavyoonyesha. Juu ya mawe hayo zichorwe bandari zote, Kisumu, Shirati, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell na Jinja, na njia za meli kati yake.

Viti vya kukalia vitengenezwe kwa mataruma ya chuma ya zamani. Hapa nitoe angalizo. Mataruma ni mali ya umma, na watu wamefungwa kwa ajili yake. Kamati iandike barua kwa Shirika la Reli, iombe yaliyokwisha ondolewa njiani, isubiri jibu. Asije mhitimu mwenye gari kubwa akatuletea taruma aliloliokota.

Miti ipandwe, ya kivuli, si ya mapambo. Tarime ina baridi asubuhi lakini jua la saa nane linajulikana. Na mama lishe, wauza ndizi na wauza mitumba waliopo mtaani wasifukuzwe kwa jina la urembo. Stesheni zote nilizozijua, Tabora, Itigi, Morogoro, zilikuwa na watu wa kuuza, na abiria alizikumbuka kwa vyakula vyao. Mtaa wa reli usio na mtu wa kuuza kuku wa kukaanga ni mtaa uliokosa elimu ya reli. Wajengewe kibanda kirefu cha mabati chenye baraza, mfano wa kibanda cha stesheni ndogo, na kodi isipande kwa sababu ya kibanda hicho. Maduka ya zamani yenye baraza yaliyosalia yaachwe kama yalivyo, yapakwe chokaa tu. Hayo yalikuwa ndiyo maghala ya mwisho ya mzigo uliotoka melini.

Ukutani paandikwe majina ya wazee wa wilaya zetu waliofanya kazi relini, gatini na melini, kwa ridhaa ya jamaa zao. Yawe majina tu na kazi zao, kuli, karani, seremala, mpika meli, bila cheo na bila sifa. Najua ubishi utakuwapo juu ya nani aingie. Ubishi huo nauona ni sehemu ya kazi.

Wenzetu wa Mugumu wamelalamika kwamba kila jambo linawekwa Tarime. Wana haki yao, lakini habari yao ni tofauti na isilazimishwe ifanane na yetu. Serengeti, wilaya iliyoanzishwa mwaka 1974, ilikuwa mbali na meli. Huko Ikoma Wajerumani walijenga boma lao juu ya njia iliyotoka Ziwa kuelekea mashariki, na mizigo ilipita kwa vichwa vya watu. Kwao reli imekuwa jambo la kuahidiwa, na ahadi hiyo ina uzito wa pekee kwa sababu kati yao na Arusha ipo Hifadhi ya Taifa. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua dhidi ya barabara ya lami kukatiza hifadhini, na yeyote atakayechora reli atakutana na swali hilohilo la nyumbu wanaohama. Watu wa Mugumu wanataka kusafirisha mazao yao na wanataka hifadhi ibaki. Mambo yote mawili ni ya haki. Nikiulizwa, ningesema mtaa wao uwe na kumbukumbu ya wapagazi, na upande wa mashariki wa mtaa huo uachwe wazi bila kujengwa kitu. Reli ikija wataamua wenyewe waweke nini.

Hayo yote hayawezi kufanyika kwa kukaa na kalamu. Sehemu kubwa ya habari hii imo vichwani mwa wazee wenye umri wa miaka themanini na zaidi, na kila mwaka tunazika kadhaa. Nimezungumza na mkuu wa idara ya historia, naye amekubali wanafunzi wa kidato cha tatu wapewe likizo hii kazi ya kuuliza katika vijiji vyao nani alifanya kazi Kisumu, mwaka gani, alilipwa kiasi gani, alirudi vipi. Waandike kwa mkono, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mzee mwenyewe, na wasimkatize anapozungumza. Mwanafunzi amwamkie mzee kwanza, akae chini, asianze na swali la mshahara.

Wahitimu nao wana kazi. Kila mwenye tiketi ya zamani ya meli au ya gari moshi, waranti, kifungo cha sare ya reli, barua ya kuachishwa kazi ya mwaka 1977, au picha iliyopigwa gatini Musoma au Kisumu, aje nayo kwenye mkutano ndani ya bahasha yenye jina lake. Itapigwa picha palepale na atarudishiwa siku hiyohiyo. Mimi nitaleta waranti moja ya daraja la tatu, Mwanza hadi Tabora, ambayo haikutumika kwa sababu nilipata malaria siku ya safari.